Si kila neno la Kihispania hukazwa kama la Kiswahili

Kwenye makundi ya WhatsApp ya waongoza watalii hapa Mombasa huzunguka ujumbe huu: "Kihispania ni rahisi, kigawe kwa silabi na ukikaze kama Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho." Ni nusu ya ukweli.

Kanuni hiyo hufaa kwa maneno yanayoishia kwa irabu, n au s: playa (ufuo), hablan (wanasema). Yakiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huwa silabi ya mwisho: ciudad, hotel. Neno likikiuka hayo, huandikwa alama juu ya irabu inayokazwa, kama café na teléfono. Kwa hiyo huhitaji kubahatisha; tazama herufi ya mwisho, kisha alama. Kamusi yoyote ya Kihispania itakuonyesha. Na alama si pambo: papa ni kiazi huko Amerika ya Kusini, papá ni baba.

Kwenye silabi ndipo sisi hujikwaa zaidi. Kwetu kila irabu ina silabi yake, u-a, ka-a, basi bueno tunaisoma bu-e-no. Kumbe ni bue-no, silabi mbili. Gracias ni gra-cias. Lakini día, kwa sababu ya alama ile, ni dí-a.

Na kuhusu mkazo, hata Kiswahili chenyewe hakifuati kanuni hiyo daima: kina barabára ya magari na barábara ya "sawasawa"!

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyekuletea mfano wa ciudad.