Nanotyubu za kaboni: msitu mnene hauongezi elektroni

Karibu kila anayeniletea kipande cha silikoni nimwoteshee nanotyubu za kaboni (mirija ya kaboni myembamba mno) kwa ajili ya kathodi, yaani sehemu inayotoa elektroni, huja na ombi lilelile: "Zijaze, usibakize nafasi." Anahesabu kwamba kila ncha inatoa elektroni, basi ncha zikiwa nyingi mkondo nao utakuwa mkubwa. Nimechoka kulisikia.

Kinachong'oa elektroni ni uga wa umeme unaojikusanya kwenye ncha nyembamba iliyosimama peke yake. Ndiyo maana volti chache kwa kila mikromita zinatosha, ilhali bamba bapa la chuma lingedai maelfu. Ukizisonganisha, kila nanotyubu inamkinga jirani yake. Uga unapita juu kwa juu kama upepo juu ya msitu, na zilizo katikati haziguswi. Weka sampuli ya namna hiyo mbele ya skrini ya fosfori, inayong'aa ikipigwa na elektroni, ujionee: ukingo unawaka, katikati giza.

Nafasi kati ya moja na nyingine iwe kama mara mbili ya urefu wake. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge na kampuni ya Thales ya Ufaransa walionyesha kathodi yenye nanotyubu za urefu wa mikromita 5 na kitu, zikiachana kwa mikromita 10, kila moja imeota juu ya kitone chake cha nikeli, kichocheo kinachoiotesha. Ilitoa zaidi ya ampea 1 kwa sentimita ya mraba, tena mkondo ukipanda na kushuka kwa gigahezi 1.5, yaani mara bilioni 1.5 kwa sekunde. Kwa hiyo pesa zako zipeleke kwenye kuchora vitone vya kichocheo. Asetilini, gesi inayoleta kaboni yenyewe, ninayo ya kutosha.

Eti kaboni huachia elektroni kwa urahisi kuliko metali? Hapana. Nishati inayohitajika ni karibu elektronivolti 5, na tungsteni inadai 4.5 tu. Siri ni umbo.

Eti kathodi baridi, yaani hii isiyopashwa moto ili itoe elektroni, haiungui? Inaungua sana. Nanotyubu ndefu kuliko wenzake hubeba mkondo wote, ikapata moto hadi ikakatika. Pandisha volti polepole, na tafadhali weka rezista ya kuzuia mkondo usizidi. Ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa) nalo lisiwe la kubahatisha: gesi iliyobaki hugeuka ayoni zinazozitwanga ncha.

Na usiniletee nikeli iliyopakwa moja kwa moja juu ya silikoni tupu. Kwenye nyuzi 700 za Selsiasi, joto la kuoteshea, inazama humo na kuwa silisidi (nikeli iliyoungana na silikoni), hakuna kitakachoota vizuri. Tanguliza tabaka la nitridi ya titani, ambayo inazuia nikeli isizame na bado inapitisha umeme.