Umeme wa Ethiopia, Nguzo za Kenya, Bili ya Arusha: Yanayosemwa na Yalivyo

Machi 2025 Rais Samia alisema, akiwa Kilimanjaro, kwamba Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Kijiwe chetu cha kahawa kiliwaka. Wiki nzima hakukuwa na Simba wala Yanga, ni umeme tu. Mengi niliyoyasikia pale bado nayakuta mitandaoni.

"Tuna bwawa letu, wa jirani wa nini?"

Si swali la kijinga. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Ila bwawa liko Rufiji, na umeme wake unapitia kwanza Chalinze ndipo uianze safari ya kaskazini. Chomeka pasi kwenye ekstensheni ndefu, kisha baada ya dakika kumi ushike waya. Ule ujoto ni umeme uliokwisha kuulipia ambao haukufika kwenye nguo. Gridi ni hivyo hivyo, kwa mamia ya kilomita. TANESCO ilitaja hasara ya takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka kwa umeme unaopotea njiani kuelekea kaskazini. Mwisho wa njia ndiko msongo wa umeme unakoshuka. Jirani yangu mchomeleaji anazijua jioni ambazo mashine inalia tu na chuma hakishiki.

Kuwa na umeme mwingi ni jambo moja, kuwa nao mahali unapotakiwa ni jingine. Ethiopia iko mbali pia, lakini njia yake ya kuja Kenya ni ya kilovoti 500 na ya mkondo mnyoofu, ile mafundi wanayoiita DC, ambayo kwa masafa marefu hupoteza kidogo. Kutoka Kenya kuna njia ya kilovoti 400 inayoanzia Isinya, inapita Namanga na Arusha hadi Singida. Gridi za Kenya na Tanzania ziliunganishwa Desemba 2024.

"Kila nchi ijenge upande wake, hesabu imekwisha."

Hapa ndipo penye kazi. Njia ya Ethiopia hadi Suswa, Kenya, ina urefu wa kilomita 1,045 na uwezo wa megawati 2,000. Kenya ilisaini kununua 200 kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha 400. Nafasi iliyobaki si uzembe wa mpangaji. Ukijenga njia nyembamba leo, kesho utarudi kwa wananchi wale wale kuomba ardhi nyingine na kulipa fidia upya. Lakini mkopo unadai marejesho ya njia nzima, si ya nafasi inayotumika.

Sasa anakuja Mtanzania kununua umeme upite Kenya, kama mzigo wa transiti unavyopita bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali. Alipe gharama ndogo ya kupitisha tu, kwa kuwa njia ilikuwepo? Au abebe sehemu ya mkopo? Mkenya wa Kitengela ana haki ya kuuliza kwa nini bili yake igharamie umeme wa Moshi. Wa Moshi naye ana haki ya kukataa kulipia nguzo zilizosimamishwa kwa ajili ya Nairobi.

Rusumo, kwenye mtambo wa maji wa mpakani mwa Tanzania na Rwanda, hesabu ilikuwa nyepesi. Megawati 80 za pale zinagawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwenye njia ya kupitisha hakuna theluthi iliyo wazi hivyo.

Wamarekani wameburuzana mahakamani kwa jambo hilihili. Msimamizi wa umeme wa shirikisho, FERC, aliridhia kwamba njia mpya za kilovoti 500 na zaidi katika gridi ya PJM, inayohudumia majimbo kadhaa ya mashariki na ya kati ya Marekani, zilipiwe na wateja wote wa eneo hilo, kila mmoja kwa kadiri anavyotumia umeme. Wa magharibi wakagoma: njia zinajengwa mashariki, sisi tunapata nini? Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Chicago ikawaunga mkono. Si lazima hesabu itimie hadi senti ya mwisho, ilisema, lakini malipo na manufaa lazima yakaribiane. Mwaka 2011 ikatoka Amri Namba 1000: maeneo yapange njia kwa pamoja, kanuni ya kugawana gharama ijulikane mapema, na asiyenufaika asilazimishwe kulipa. Mimi ningeiiba kanuni hiyo mchana kweupe.

"EAPP itaamua."

Haitaamua. Umoja huo wa umeme wa Afrika Mashariki, ulioanzishwa 2005 na wenye ofisi Addis Ababa, una mpango kabambe wa pamoja na hata bodi ya udhibiti. Lakini bei anayolipa mteja inapita kwa wadhibiti wa nishati wa kila nchi, EWURA huku Tanzania na EPRA kule Kenya. FERC inaweza kuamuru, EAPP inapatanisha.

"Jirani akizimika nasi tumekwisha."

Nusu ni kweli. Septemba 6, 2024, hitilafu iliyoanzia Suswa iliitia Kenya gizani, na njia ya Ethiopia nayo ikachomoka. Ila siku mtambo wako unapokufa ghafla, muunganiko huohuo unaweza kukushika usianguke.

"Umeme unafuata mkataba."

Unafuata waya. Kwenye DC ya Ethiopia, mitambo ya Suswa hupanga kiasi kinachopita. Kuanzia pale hadi Arusha ni umeme wa kawaida, unaogawanyika katika kila njia iliyo wazi na kuchanganyika na ule wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya. Hakuna anayeweza kuonyesha uniti ya Ethiopia ilikopita. Kinachouzwa ni hesabu ya mita mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Zikiingia megawati 100 Suswa, Namanga zitatoka pungufu, na pungufu hilo lina kifungu chake kwenye mkataba wa kupitisha umeme, kinachobishaniwa asilimia kwa asilimia kabla kalamu haijashikwa.