Vitabu vya waliopotea na vilivyopotea

Mwanafunzi akiniomba kitabu kuhusu kupotea, humpa kwanza Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaililia Pate, mji wa kisiwani uliotajirika kisha ukabaki magofu. Usizipite haraka beti za majumba. Mshairi anakuingiza ndani kabisa: madaka ya ukutani yaliyokuwa yamepangwa vyombo vya kaure sasa yanalaza makinda ya ndege, na bundi ndio wanaolia humo. Anataja kilichokuwapo, kisha anamtaja aliyekirithi mahali pake, basi. Takriban karne mbili zimepita na utenzi huu bado unaniuma, kwa sababu kilichopotea kinaonekana wazi kuliko kilichobaki. Lugha yake ni ya lahaja za kaskazini, tena ya kale, kwa hiyo tafuta toleo lenye sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu.

Peponi ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya mwaka 1994, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12 anapoondoka kwao kwa gari moshi na tajiri Aziz, anayemwita ami. Huko kwenye duka la Aziz ni kijana mwenzake, Khalil, anayemfumbua macho: yule si ami yako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiwe rehani. Kwangu mimi Yusuf anapotea pale, si siku ile ya gari moshi. Anakula, analala, anauza dukani, kila mtu anajua alipo, na bado amepotea. Riwaya chache nilizosoma zimeliona hilo kwa jicho kali namna hii.

Siku Njema ya Ken Walibora (1996) ni ya mtafutaji: kijana anatoka Tanga kwenda Kenya kumsaka baba asiyemjua. Wakenya wengi waliisoma shuleni. Siku hizi kila nikiifungua naikumbuka Aprili 2020, Walibora mwenyewe alipotafutwa na jamaa zake kwa siku kadhaa, hadi mwili wake ukapatikana hospitalini Nairobi. Kitabu kimekuwa kizito zaidi mkononi.

Mzingile ya Euphrase Kezilahabi (1991) iache iwe ya mwisho, maana humo msomaji ndiye anayepotea. Tangulia na Nagona, riwaya dada yake ya mwandishi huyohuyo. Usihangaike kujua nani ni nani. Soma kwa sauti, kurasa chache chache.