Kocha mchezaji ni nani? Mfano wa Glenn Hoddle

Kocha mchezaji ni mtu anayeifundisha timu huku bado anaichezea. Anapanga kikosi, kisha anavaa jezi na kuingia uwanjani na wenzake. Akicheza vibaya, wa kumtoa ni yeye mwenyewe au msaidizi aliyebaki kwenye benchi, na si kila msaidizi ana ubavu wa kumtoa bosi wake.

Uingereza ya miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa nao wengi. Anayetajwa zaidi ni Mskoti Kenny Dalglish, aliyetwaa ligi na Kombe la FA na Liverpool mwaka 1986. Tena bao lililoleta ubingwa, pale kwa Chelsea, alilifunga mwenyewe. Lakini kwangu Hoddle ndiye anayeonyesha vizuri zaidi jinsi kazi hii inavyofanyika.

Alizaliwa 1957, akawa kiungo fundi wa Tottenham, kisha akatwaa ubingwa wa Ufaransa na Monaco chini ya Arsène Wenger. Goti lilimsumbua. Mwaka 1991 Swindon Town, timu ya daraja la pili, ikampa kazi zote mbili. Kwa kuwa miguu haikuwa tena ya kukimbizana katikati, alijipanga nyuma kabisa, beki huru. Ukiwa pale mchezo wote uko mbele yako: unaona nani kaacha nafasi, unampigia kelele hapohapo, na mpira wa kuanzisha shambulizi unapitia kwako.

Mei 1993, fainali ya mchujo wa kupanda daraja, Wembley dhidi ya Leicester City, alifungua bao yeye. Swindon ikafika 3-0, Leicester wakarudisha yote, hadi penalti ya Paul Bodin ikamaliza ubishi, 4-3. Swindon wakapanda Ligi Kuu. Hoddle hakwenda nao: alichukuliwa na Chelsea, huko nako kwa kazi zote mbili, na Swindon wakafungwa mabao 100 msimu huo na kushuka.

Fainali ya FA 1994 alijiingiza kutoka benchi Chelsea ikiwa nyuma. Manchester United walishinda 4-0. Alitundika daluga 1995, mwaka uliofuata akapewa timu ya taifa ya England.

Siku hizi kocha ana leseni za kusomea, video za kuchambua na kundi la wasaidizi wa kusimamia, hivyo kuchanganya kazi hizo mbili ni vigumu. Beki Vincent Kompany alijaribu kazi zote mbili katika klabu ya Anderlecht ya Ubelgiji mwaka 2019; baada ya mechi chache za mwanzo bila ushindi, maamuzi ya siku ya mechi akamwachia msaidizi wake.