Kabla ya kuchora grafu, waache wabishane

Katika Hisabati ya shule ya msingi, naona mada ya takwimu ndiyo tunayoiharibu zaidi. Tunaandika ubaoni jedwali ambalo limeshajazwa: maembe 8, machungwa 5, ndizi 10. Watoto wanachora nguzo, tunasahihisha, tunahamia mada nyingine. Maembe hayo hakuna aliyeyahesabu. Mtoto amejifunza kutumia rula tu.

Mimi huanza na swali linalowagusa: leo umefikaje shuleni? Siku moja Darasa la Nne lilikuwa na wanafunzi 57. Tulihesabu mikono: miguu 31, daladala 14, bodaboda 12, baiskeli 4. Nikawaambia wajumlishe. Ikaja 61! Hao wanne wametoka wapi? Kumbe walitembea hadi kituoni, kisha wakapanda daladala. Walinyoosha mkono mara mbili, na hawakusema uongo.

Mwalimu mwenzangu, hapo usiharakishe. Usiwape kanuni, waache waitunge. Wangu walibishana karibu robo saa hadi wakakubaliana kwamba kila mtu ahesabiwe kwa ile sehemu ndefu zaidi ya safari yake. Miguu ikashuka hadi 27, jumla ikatulia kwenye 57. Ndipo nikawaeleza kuhusu sensa yetu ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120. Makarani waliuliza nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, ili msafiri asihesabiwe nyumbani na ugenini pia. Baada ya ubishi ule, sikuhitaji kueleza mara mbili.

Kuchora tunaanzia sakafuni, kwa vizibo vya soda. Kila mtoto anaweka kizibo kimoja kwenye safu yake, na safu zote zinaanzia kwenye mstari mmoja wa chaki. Kisha kila kizibo kinakuwa mraba mmoja daftarini. Ukikimbilia grafu ya picha, mtoto atachora daladala kubwa na nyayo ndogo, na safu ya watu 14 itaipita ile ya 27 kwa urefu. Jicho huamini urefu.

Skeli nayo haihitaji hotuba. Ukurasa ukiisha kabla ya kufika 27, wenyewe watadai mraba mmoja uwe watu wawili, halafu watagundua kwamba nguzo ya miguu inaishia nusu ya mraba. Grafu ya mstari iache isubiri kitu kinachobadilika siku hadi siku, kama urefu wa mche wa mharage. Kati ya bodaboda na baiskeli hakuna cha kuunganisha.

Tulipomaliza, msichana mmoja aliuliza: “Mwalimu, na wale ambao leo hawakuja?” Daftari la mahudhurio lilionyesha sita. Tuliwasubiri. Walipofika, watano kati yao walikuwa wa kutembea, tena kutoka mbali.