Kichwa Kimepinda, Macho Yanachezacheza: Maswali Kuhusu Kizunguzungu na Mishipa ya Fahamu ya Wanyama

Daktari, mbwa wangu ana miaka 13. Jana alilala mzima, leo kaamka kichwa kimepinda, anaangukia kushoto, macho hayatulii. Ni kiharusi? Nimlaze usingizi wa mwisho?

Subiri kwanza. Kwa mbwa wa umri huo, mara nyingi sana huwa ni hitilafu ya ghafla ya mfumo wa usawa wa mwili ambayo chanzo chake hakijulikani. Huja kwa kishindo: mnyama hawezi kusimama, anabiringika, anatapika, hagusi chakula. Kisha, bila dawa yoyote ya kuondoa chanzo, huanza kutengemaa ndani ya siku 3 hivi, na wengi hutembea vizuri baada ya wiki 2 au 3. Inaniuma kuona mbwa anakatiwa tamaa siku ya kwanza, siku ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Kiharusi kipo kwa mbwa, lakini hakitambuliwi kwa kupinda kichwa peke yake. Mpeleke achunguzwe leo, na ule uamuzi mzito uuweke kando.

Kwa nini macho yacheze ilhali ugonjwa uko sikioni?

Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji 3 midogo iliyojaa majimaji. Kichwa kinapogeuka, majimaji hayo husukuma vinyweleo vya seli, na mshipa wa fahamu wa 8 hupeleka habari kwenye shina la ubongo na ubongo wa nyuma. Hata mnyama akiwa ametulia tuli, masikio yote mawili hutuma habari bila kukoma, kwa uzito uleule, kama mizani iliyolingana. Sikio la kushoto likinyamaza, mizani inalemea kulia na ubongo unaamini kichwa kinageukia kulia. Macho huteleza polepole kuelekea kushoto, kisha yanarudishwa kulia kwa ghafla. Yanateleza tena, yanarudishwa tena. Mshike kichwa taratibu umtazame kwa karibu, utauona mdundo huo. Ndiyo maana mnyama huinamisha kichwa na kuangukia upande wenye ugonjwa, huku macho yakirukia upande mzima.

Unajuaje kama tatizo liko sikioni au kwenye ubongo wenyewe?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote, na sehemu kubwa ya jibu hupatikana kwa mikono na macho kabla ya mashine yoyote. Natazama macho yanarukia wapi. Yakienda kulia na kushoto au yakizunguka, huenda ni sikio. Yakicheza juu na chini, au yakibadili mwelekeo ninapokigeuza kichwa, nashuku ubongo. Kisha namshikilia mnyama asianguke, naukunja wayo wake ili mgongo wa wayo uguse sakafu. Mwenye ugonjwa wa sikio, hata akiwa anayumba kama mlevi, huurudisha mguu sawa papo hapo. Akiuacha umekunjika vile vile, habari za mguu hazifiki au hazishughulikiwi kwenye ubongo, na hapo ndipo picha ya MRI inapohitajika.

Naangalia pia fahamu zake. Mnyama mwenye kizunguzungu cha sikio ana hofu na kichefuchefu, lakini anakujua na ukimwita anaitika. Akiwa amezubaa, amelala usingizi usio wa kawaida au ana degedege, usingoje kesho.

Paka wangu upande mmoja wa uso umelegea, na sikio la upande huo linanuka. Yanahusiana?

Sana. Mishipa ya fahamu ya kichwa ni jozi 12, na ule wa 7, unaokunja uso na kufumba kope, hupita jirani kabisa na sikio la kati. Usaha ukijaa pale, mshipa huo huumia pamoja na ule wa usawa. Pengine pia utaona mboni ya jicho la upande huo imekuwa ndogo na utando wa kona ya ndani umepanda, kwa kuwa nyuzi za fahamu za jicho nazo hupita hapo. Kwa paka mdogo, nyama iliyoota ndani ya sikio huleta dalili hizo hizo.

Jicho lisilofumba hukauka na kupata kidonda, kwa hiyo omba matone ya kulilainisha. Na usimimine chochote sikioni kabla ngoma ya sikio haijatazamwa. Ikiwa imepasuka, baadhi ya dawa, kama gentamisini na klorheksidini, zinaweza kuharibu sikio la ndani moja kwa moja.

Kuna dawa za kumeza zinazoleta hali hii?

Metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, ikitolewa kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu. Mwambie daktari kila kitu mnyama alichomeza. Chakula pia kitaje: baadhi ya samaki wabichi huvunja vitamini B1, na paka anayelishwa hao tu huishia kuyumba.

Mbwa wangu kinywa kiko wazi, taya imening'inia, udenda unatoka. Nahisi mfupa umekwama.

Usitie mkono mdomoni. Nasema hivi kwa uzito wote nilio nao. Taya ikining'inia, mara nyingi mishipa ya fahamu ya 5, inayofunga taya, imeshindwa kazi pande zote mbili. Upo uvimbe wa mishipa hiyo unaopona wenyewe kwa wiki chache, mradi mbwa asaidiwe kula na kunywa. Lakini kichaa cha mbwa, kile cha kupooza, huonekana hivyo hivyo, na watu wengi hujiweka hatarini wakitafuta mfupa usiokuwepo. Mfungie, mpigie daktari wa mifugo, mweleze historia ya chanjo. Ikiwa udenda umegusa jeraha, jicho au mdomo, au ameshakung'ata, osha papo hapo kwa maji yanayotiririka (jeraha lioshwe pia kwa sabuni) dakika 15, kisha nenda hospitali ukachanjwe siku hiyo hiyo.

Na mbuzi anayezunguka upande mmoja tu?

Mkiwa mnawalisha majani yaliyosindikwa yakaharibika, fikiria listeria, bakteria wanaoshambulia ubongo: sikio moja limeanguka, udenda upande mmoja, anazunguka. Kwa mbuzi na kondoo ugonjwa huu huua kwa siku chache, na antibiotiki husaidia zikianza mapema. Vaeni glovu, maana kichaa cha mbwa huwapata hata mbuzi. Maziwa yake msinywe, hasa mjamzito.

Turudi kwa mbwa mzee. Nimhudumieje nyumbani?

Mwekee godoro chini, ziba ngazi, tandika kitu kisichoteleza. Usiku acha taa ikiwaka, kwa sababu macho yake ndiyo yanayomsaidia kujua juu ni wapi. Ukimbeba, mkumbatie mwili wake wote kifuani pako, maana akining'inia hewani hupata hofu kubwa. Mpe maji kidogo kidogo, chakula kwa mkono, na umwombe daktari dawa ya kichefuchefu. Asiyeweza kuinuka mgeuze kila baada ya saa chache. Akianza kujaribu kusimama, mpitishie taulo chini ya tumbo umsaidie kwenda kukojoa. Macho hutulia kwanza, miguu hufuata. Kichwa huweza kubaki kimeinama kidogo maisha yake yote, naye atakula, atatembea na kukupokea mlangoni hivyo hivyo.