Swichi ya mtandao: njia ya kuongeza matundu ya waya kwenye ruta

Ruta nyingi za nyumbani huja na matundu 4 ya LAN, yaani ya kuchomekea vifaa vya ndani, na moja la WAN linalopokea intaneti kutoka nje. Ukishachomeka televisheni, kompyuta, printa na kifaa cha michezo, yamekwisha. Hapo huhitaji ruta mpya, unahitaji swichi.

Swichi ni kisanduku chenye matundu kadhaa, aghalabu 5 au 8. Unavuta kebo kutoka tundu la LAN la ruta hadi tundu lolote la swichi, unaiwasha, basi. Ile ya kawaida haina cha kupangilia. Ila piga hesabu kwanza, maana kebo hiyo inakula tundu moja kila upande. Swichi ya matundu 5 inakuongezea 3 tu, ya 8 inakuongezea 6. Mimi ningechukua ya 8 moja kwa moja.

Utamu uko ndani. Kila kifaa kina anwani yake iitwayo MAC. Kompyuta ikituma data, swichi inasoma anwani ya mtumaji na kukariri imetokea tundu lipi, ili data inayoirudia ipelekwe hapo peke yake. Kama mlengwa hajulikani bado, swichi inaisambaza kwenye matundu yote isipokuwa ilikotoka. Mlengwa akijibu, tundu lake limeshajulikana. Habu, yaani visanduku vya zamani vya kuunganishia vifaa kabla ya swichi, hazikukariri chochote, zilimwagia kila kifaa kila kitu.

Vifaa vya kwenye swichi moja hupelekeana mafaili bila kugusa intaneti. Vikienda nje, vyote vinagawana ile kebo ya ruta, lakini kebo ya gigabiti 1 kwa sekunde haielemewi na intaneti ya megabiti 50. Angalia tu swichi isiwe ya megabiti 100, na kebo iwe ya daraja la Cat5e au zaidi.

Usiiunganishe na ruta kwa kebo mbili ukidhani unaongeza kasi. Swichi ya kawaida itazungusha ujumbe uleule bila kikomo mpaka mtandao mzima ukwame.

Una ruta ya zamani kabatini? Nayo inaweza kuwa swichi: zima DHCP yake (huduma inayogawia vifaa anwani za mtandao, yaani za IP), badilisha anwani yake ya IP isigongane na ya ruta kuu, kisha chomeka kebo kwenye LAN, si WAN.